Kabla hamjaiwasha TV ya zamani, waulizeni wazee kwanza

Usianze na swali la vipindi. Hilo ndilo neno la kwanza ningemwambia mtu anayetaka kukusanya kumbukumbu za TV ya nyumbani kwao, ile ya utotoni, kabla waliozibeba hawajaondoka nazo. Ukimuuliza mtu "tulikuwa tunaangalia nini?" atakutajia majina ya vipindi, na majina hayo yatafanana na ya kila mtu wa rika lake. Muulize alikuwa anakaa wapi. Muulize nani aliruhusiwa kugusa vitufe, nani alitumwa nje kwenye antena, na ilikuwaje umeme ukikatika katikati ya mechi. Hapo atatulia kidogo, atacheka peke yake, halafu utachoka wewe kuandika.

Mimi nililijua hilo kwa kuzunguka sana. Baba alishatangulia, Mama ameanza kuchanganya majina yetu, na tulipokuwa tunahamisha vitu vya nyumba ya zamani tukaikuta TV yetu ya kwanza stoo, chini ya magodoro: TV ya chogo, nyeusi na nyeupe, boksi lake la mbao, kitufe kimoja hakipo. Kaka akasema itupwe. Dada akasema atakayeitupa atupwe nayo. Mimi nikatoa wazo lililoonekana jepesi, kwamba tuitengeneze, tumkalishe Mama mbele yake, tumrekodi akisimulia. Nilidhani ni kazi ya wikiendi. Ikala sehemu kubwa ya mwaka, ikala pesa ambazo zingenunua TV bapa mpya na chenji ikarudi, na kuna kipindi mimi na kaka yangu tuliongea kupitia dada tu.

Nianze na TV yenyewe, maana hapo watu wanaumia kweli.

TV ya chogo iliyokaa miaka bila kuwashwa haichomekwi kwenye umeme kuona kama bado nzima. Fundi wa kwanza tuliyempata, kijana mchangamfu, alifanya hivyo hivyo. Akaipangusa vumbi, akachomeka, akabonyeza. Ukasikika mlio kama wa fataki ndogo, moshi mweupe ukatoka kwenye matundu ya nyuma, na chumba kikanuka harufu iliyokaa kwenye mapazia kwa siku kadhaa. Kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, ilikuwa imepasuka. Zile kapasita kubwa zenye umbo la kopo zina maji maji ndani, na zikikaa muda mrefu bila umeme hukauka au hupoteza uwezo wa kuzuia. Ukizishtua kwa umeme kamili, zinapasuka, na zinaweza kwenda na vingine visivyopatikana tena madukani.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa makamo ambaye hakugusa swichi kabisa siku ya kwanza. Alifungua mgongo, akatoa viota vya mende, akaangalia kwa tochi, akanusa. Ndiyo, alinusa. Alipokuja kuiwasha, aliiunganisha kwa mfululizo na balbu ya kizamani, yaani umeme upite kwenye balbu kabla ya kufika kwenye TV, balbu ile ya nyuzi, siyo hizi za kisasa. Kukiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu na kuubeba mzigo wote, TV inapona. Balbu ikiwaka mara moja kisha ikafifia, ni dalili nzuri. Yetu iliwaka, ikafifia kidogo, ikabaki nyekundu. Akazima, akasema kuna kazi.

Alinionyesha pia kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa chogo, yenye waya mnene. Hapo ndipo panapoingia volti elfu kumi au zaidi kwa TV ndogo ya nyeusi na nyeupe, na zaidi ya elfu ishirini kwa TV kubwa ya rangi. Kile kioo kinaweza kuhifadhi chaji hata baada ya waya kutolewa ukutani. Na ndani yake hamna hewa, kwa hiyo ukikigonga shingoni, pale pembamba nyuma, kinaweza kuvunjika kwa kishindo na kurusha vipande. Kwa hiyo kama ninyi si mafundi, msifungue. Sisemi hivi kwa kuogopa lawama. Yule mzee ana kovu kwenye kiganja, na kabla ya kugusa chochote aliweka mkono mmoja mfukoni, ili umeme ukimpata usikatize kifuani kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Wakati vifaa vinatafutwa, tulikaa bila TV kwa muda mrefu. Nilikasirika sana wakati ule. Kumbe ule uchelewaji ndio uliookoa kazi nzima, maana kwa kukosa la kufanya nilianza kuwahoji watu kabla hawajaiona TV ikiwaka.

Nilianza na kaka. Anakumbuka fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1986, Argentina na Ujerumani Magharibi, 29 Juni, kwenye uwanja wa Azteca huko Mexico. Anakumbuka mabao, anakumbuka nani alikuwa amekaa juu ya nani, na anakumbuka vizuri sana jezi za kijani za Wajerumani zikimkimbiza Maradona. Nikamwacha amalize. Ni kweli Wajerumani walivaa kijani siku hiyo. Ila TV yetu haikuwa na rangi. Nilipomwambia, alinitazama kana kwamba nimemnyang'anya kitu. Akasema labda tuliangalia kwa jirani. Akasema labda TV ya rangi ilikuwa imeshanunuliwa. Dada, ambaye ndiye aliyeenda na Baba kuinunua hiyo ya rangi na anakumbuka darasa alilokuwa anasoma, akasema ilikuwa bado haijanunuliwa.

Basi nikamuuliza kuhusu mechi ya Argentina na Uingereza ya 22 Juni, ile ya bao la mkono. Akaniambia ameiona milia ya buluu na nyeupe ikipita katikati ya Waingereza. Siku hiyo Argentina walivaa buluu iliyokolea, bila milia nyeupe. Kwenye kioo chetu wangeonekana weusi wakicheza na weupe. Kaka ameitazama mechi hiyo kwenye marudio mara nyingi maishani, pamoja na mechi nyingine za Argentina, na kichwa chake kimeikarabati ile ya kwanza bila kumwomba ruhusa.

Mjomba alikuwa mgumu zaidi. Yeye anaapa kwamba aliwaona Wamarekani wakishuka mwezini, Julai 1969, akiwa amekaa sebuleni kwetu, na Baba akasema "wanatudanganya hawa". Ni simulizi tamu, ameisimulia kwenye kila sherehe. Nyuma ya TV, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko cha kiwanda. Kimechakaa lakini mwaka unasomeka, na mwaka huo unaangukia katikati ya miaka ya sabini. Sikumwonyesha mjomba kibandiko. Dada alimwonyesha. Mjomba akasema kibandiko kimekosea.

Nilidhani ni familia yetu tu yenye vichwa vya namna hii, hadi nikasoma kuhusu kazi ya mwanasaikolojia Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch, wa Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani. Chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kililipuka angani 28 Januari 1986. Asubuhi iliyofuata waliwapa wanafunzi karatasi waandike walivyopata habari ile: walikuwa wapi, na nani, nani aliwaambia. Zaidi ya miaka miwili baadaye wakawauliza tena baadhi yao. Wengi walitoa maelezo tofauti, wakiwa na uhakika kabisa. Kilichonigusa ni kwamba waliosema wameiona habari hiyo kwa mara ya kwanza kwenye TV walikuwa wameongezeka sana kuliko walivyoandika mwanzo. Mtu aliambiwa darasani na mwenzake, lakini kwa kuwa picha ile ilirudiwa na kurudiwa kwenye TV, kumbukumbu yake ikamhamisha ikamkalisha mbele ya kioo. Na walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya awali haikurudi. Mjomba wangu hayuko peke yake.

Kwa hiyo, ukihoji, usimsahihishe mtu akiwa anaongea. Acha amalize, andika alichosema, na pembeni andika kinachopingana nacho. Vyote viwili ni mali ya familia. Hasira ya kaka ilinifundisha hilo. Baada ya mimi kumkatiza na rangi zangu za kijani alifunga mdomo kwa majuma mengi, na ni yeye pekee anayekumbuka mambo ya Baba na ile TV kabla mimi sijazaliwa.

Na mhoji kila mmoja peke yake. Nilijaribu kuwakalisha kaka, dada na mjomba pamoja na ikawa fujo. Mwenye sauti kubwa anasimulia, wengine wanaitikia, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka kitu tofauti na alichosikia. Waliohojiwa baada ya TV kutengenezwa na kuwashwa walikuwa hivyo hivyo. Wote walianza kuongea kuhusu kitufe kilichong'oka na mbao zilizobabuka, vitu walivyoviona siku ile ile. Binamu mmoja alinisimulia kwa hisia kali jinsi tulivyokuwa tunabadilisha chaneli kwa koleo kwa sababu kitufe hakikuwepo. Kitufe kiling'oka stoo.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni karatasi tupu na penseli. Nilimpa kila mtu achore sebule: mlango uko wapi, TV iko wapi, kila mtu anakaa wapi. Hakuna anayejifanya kuchora asichokumbuka, mkono unasita. Kwenye michoro yote Baba yuko kwenye kiti kinachotazama kioo moja kwa moja. Sisi watoto tuko chini, karibu mno, huku tukisukumana na kurudishwa nyuma ili tusiharibu macho. Majirani wako dirishani na mlangoni. Na Mama, kwenye michoro yote, yuko kwenye kiti cha pembeni, sambamba na ubavu wa TV. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi ndiye niliyeichukua michoro nikaipanga mezani nikashtuka. Kutoka pale kioo hakionekani.

Nikamuuliza. Alikuwa na siku nzuri, anatukumbuka wote.

"Mama, pale ulipokuwa unakaa ulikuwa unaona nini?"

"Ningeona nini? Naona mgongo wake."

"Sasa kwa nini hukuhamia mbele?"

"Mbele kulikuwa na nafasi? Watoto wa watu wamejaa. Halafu mimi ndiye wa mlango, hodi zote zangu." Akafikiri kidogo. "Nilikuwa nasikiliza. Nyie mlikuwa mnaona, mimi nasikiliza. Yule mwanamke mbaya wa tamthilia, nilimjua kwa viatu."

Kwa viatu! Miaka yote hiyo Mama alikuwa anaifuata tamthilia kwa hatua za miguu. Nilikuwa nimepanga kumkalisha mbele ya TV ili picha zimrudishie kumbukumbu, na picha hizo hakuwahi kuwa nazo. Tangu siku hiyo niliacha kutafuta picha za vipindi vya zamani kwenye intaneti, nikaanza kutafuta sauti: milio ya kufungulia taarifa ya habari, muziki wa matangazo. Nikimchezea kwenye simu, nikaiweka kando asiione skrini, anafunguka kuliko kwa picha yoyote. Kama unamhoji mzee ambaye kumbukumbu zinamponyoka, jua kwanza alikuwa anaipokea TV kwa mlango gani.

Dada aliniletea ya antena, na hapa sote tulikubaliana, jambo ambalo ni nadra. Antena ilikuwa juu ya mlingoti nje, ile yenye vyuma vingi sambamba vilivyopangwa kwenye fimbo moja. Muundo huo una asili ya Japani miaka ya ishirini, kazi ya Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na unapokea vizuri kutoka upande mmoja tu. Ndiyo maana ilibidi igeuzwe. Kazi ya kugeuza ilikuwa ya kaka. Dada anasimama dirishani, mimi niko mbele ya kioo, na amri zinapita kwa kupokezana:

"Bado!"

"Bado!"

"Chenga zimepungua!"

"Inakuja, inakuja… hapo! Usiguse!"

"Imeondoka!"

Imeondoka kwa sababu kaka ameachia mlingoti. Alipokuwa ameushika picha ilikuwa safi, akiachia chenga zinarudi. Tulidhani ana bahati mbaya. Mwili wa mtu unapitisha umeme, na ukiushika mlingoti wa chuma unabadilisha jinsi antena inavyopokea mawimbi, kwa hiyo kaka mwenyewe alikuwa sehemu ya antena. Kuna usiku Baba alimwacha ameshika hadi taarifa ya habari ikaisha. Kaka anasimulia hilo kwa kinyongo hadi leo, na nadhani ana haki.

Tulikuwa pia na watu wenye vivuli. Kila msomaji wa habari alikuwa na mwenzake aliyefifia upande wa kulia, kama pacha aliyechelewa. Hayo ni mawimbi yaliyogonga ukuta au kilima yakafika nyuma kidogo ya yale yaliyokuja moja kwa moja. Mwale wa elektroni unaochora picha kwenye kioo unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo kilichochelewa kinachorwa kulia. Dada alikuwa anaamini ni roho. Na usiku, matangazo yakifungwa, zile chenga zenyewe. Nilikuwa nazitazama hadi nifukuzwe. Ukubwani nikaja kujua kwamba sehemu ndogo yake, takriban asilimia moja, ni mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipoanza, ule ule ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliugundua miaka ya sitini baada ya kusafisha kinyesi cha njiwa kwenye antena yao wakidhani ndicho kinacholeta kelele. Mwaka 1978 wakapewa Nobeli. Mimi nilipewa makofi nikalale.

TV ilipotengemaa tukakutana na ukuta mwingine ambao hakuna aliyenitajia: haina cha kupokea. Matangazo ya analojia ya ardhini yamezimwa karibu kila mahali. Makubaliano yaliyofanyika Geneva mwaka 2006, yanayohusu Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Iran, yaliweka ukomo mkuu kuwa 17 Juni 2015. King'amuzi kinatatua hilo kwa TV za karibuni, lakini TV kama yetu haina tundu la kuingiza waya wa king'amuzi. Ina tundu la antena peke yake. Kama ninyi mko hapo, tafuteni deki ya zamani ya kanda za video iliyo nzima. King'amuzi kinaingia kwenye deki kwa zile waya za nyekundu, nyeupe na njano, na deki inatoa mawimbi kupitia tundu lake la antena, nayo TV inayakamata kwenye chaneli mojawapo. Zungusha taratibu, chaneli ipo. Sisi tulikaa siku nzima tukilaumu kazi ya fundi kumbe ni kuzungusha tu.

Ilipokamata, chumba kilikuwa kimejaa watoto wa kaka na wa dada. Picha ikaja polepole kutoka gizani jinsi ilivyokuwa inakuja, maana lazima ile sehemu ya nyuma inayorusha elektroni kwenye kioo ipate moto kwanza. Nikawaonyesha kupitisha mkono karibu na kioo ili malaika wasimame. Nikazima wakaona kile kidoti cheupe katikati kikififia. Walifurahia kidoti kuliko kipindi. Kisha nikaiwasha tena bila sauti, na mtoto wa mwisho wa dada akaziba masikio.

"Inapiga kelele."

Nikamwambia sauti imefungwa. Akasema si sauti, ni kelele nyembamba, iiiii. Na wenzake wakasema ndiyo, ipo. Kaka akanitazama. Sisi hatukusikia kitu. TV ya mfumo wa mistari 625 inachora picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo mistari 15,625 kila sekunde, na transfoma iliyomo ndani inatetemeka kwa kasi hiyo hiyo. Sikio la mtoto linaisikia. La mtu mzima, kwa kawaida, limeshaifunga. Nikakumbuka ghafla kwamba nilikuwa najua nikiwa bado uwanjani, narudi shule, kama TV imewashwa au la, hata kama imefungwa sauti, na nilidhani ni akili zangu. Nilitoka nje kidogo. Kati ya yote, hilo ndilo lililonikata maini: chombo kimerudi, kinalia vile vile, na mimi ndiye nisiyesikia.

Kuhusu kanda za video nitasema machache, maana zilituumiza. Tulikuwa na kanda ya harusi ya dada. Mtu fulani wa familia aliirekodia mechi juu yake, zikabaki dakika chache za mwisho, watu wakiaga. Kama mna kanda za familia, kuna kijiti kidogo cha plastiki kwenye ukingo wa mgongo wa kanda. Kivunjeni leo, haitarekodiwa tena. Msiicheze kanda yenye ukungu mweupe, inachafua vichwa vya deki, na deki nayo inazichafua nyingine zote. Na mkiipeleka kuhamishiwa kwenye kompyuta, chukueni faili mkalitazame hadi mwisho kabla ya kulipa. Tuliyempelekea alitupa faili zuri lisilo na sauti kuanzia katikati, na wakati tunagundua hilo alikuwa ameshahama.

TV ya rangi iliyofuata haikudumu hata kwenye kumbukumbu. Ilikuwa na doa la zambarau kwenye kona, kaka aliweka sumaku ya spika kioni kuona kitatokea nini. Nyeusi na nyeupe ingejikunja picha kidogo na kurudi. Kwenye ya rangi kuna wavu mwembamba wa chuma nyuma ya kioo, ukipata usumaku rangi zinakwenda kusiko kwake hadi fundi apitishe koili ya kuutoa. Hakuna anayeisimulia TV ile. Picha ilikuja yenyewe, rimoti ilikuwa mikononi mwa Baba, hakuna aliyetumwa popote. Niliwahoji wote kuhusu hiyo na nilipata kurasa chache tu.

Nilisoma pia kwamba mwaka 2008 mtafiti Eva Murzyn wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, aliona kwamba watu wa umri wa miaka 55 na zaidi waliokulia na TV za nyeusi na nyeupe walisema wanaota ndoto zisizo na rangi mara nyingi zaidi kuliko vijana. Nikamuuliza kaka anaota vipi. Akasema anaota kwa kijani, na hapo ndipo tulipopatana.

Mambo ya kurekodi ni mepesi. Simu inatosha, iwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa na siyo mezani moja kwa moja, ili isinase kila kishindo cha kikombe. Zima feni. Mwanzoni mwa kila faili taja kwa sauti nani anaongea na ni tarehe ngapi, kwa sababu jina la faili litabadilika na sauti itabaki. Mzee asirekodiwe jioni amechoka. Ukiona anarudia simulizi moja, mwache arudie, mara nyingine anaongeza kipande. Nakala ziwe kwa watu tofauti, siyo kwenye simu tofauti za mtu mmoja. Na watoto wawepo, kwa sababu wao huuliza maswali ya kijinga yenye majibu mazuri. Ni mtoto wa kaka aliyemuuliza Mama kwa nini TV ilikuwa inafunikwa kitambaa mchana. Mimi nilijua ni vumbi. Mama akasema kulikuwa na vumbi, ndiyo, lakini pia kitambaa kikikaa vibaya anajua tumeiwasha.

Mkishindwa kuitengeneza, au mkiamua haiwafai, msiivunje kioo na msiwaachie watoto waichezee. Kioo cha TV za chogo kina madini ya risasi, na ndani yake kuna unga unaong'aa ambao si wa kuvuta puani. Ulizieni wanaokusanya taka za kielektroniki. Lakini kabla haijaondoka, piga picha kibandiko cha nyuma, na picha ya vitufe kwa karibu, na urefu wake upimwe ukiwa umesimama karibu nayo, maana kila mtu atakuambia ilikuwa kubwa kuliko hivyo.

Yetu iko kwa dada. Inawashwa mara chache, kwa ile balbu, akiwepo mtu mzima. Kaka anadai ni yake kwa sababu ya miaka aliyoshika mlingoti, dada anadai ni yake kwa sababu ndiye aliyeizuia isitupwe, na mzee fundi ameshasema yeye yuko tayari kuichukua wasipoelewana.